Ukurasa wa Picha Saba

Tangu shule walimwita Bingwa, naye jina hilo hakuwahi kulikataa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwembamba, mwepesi wa maneno, na mchana aliajiriwa na kampuni iliyotengeneza programu za kufuatilia mizigo ghalani. Kazi hiyo aliifanya kama mtu anavyokunywa dawa chungu: anaziba pua, anameza, basi. Kazi yake hasa, ile aliyoizungumzia mpaka povu likamtoka, ilikuwa ya kujitolea. Yeye na wenzake sita waliosoma naye chuo walikuwa wametengeneza programu ya kuwasomea wasioona. Unaiweka kwenye kompyuta, nayo inakusomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, iwe barua, habari au matokeo ya mtihani, kwa Kiswahili cha mtu na si kile cha mashine za kigeni zinazotamka kana kwamba zimeshika kiazi cha moto mdomoni.

Sauti yenyewe ilikuwa ya dada yake. Dada mtu alimzidi miaka tisa na alikuwa karani wa masijala katika hospitali kubwa ya mji. Mwaka mmoja alitumia likizo yake yote akiwa amejifungia chumbani, blanketi kichwani ili kelele za barabarani zisiingie, anasoma sentensi elfu tatu na mia mbili mbele ya kipaza sauti. Daktari hajafika. Tafadhali funga mlango. Mvua ya jana imebomoa ukuta. Alitoka humo koo limemkauka, jasho limelowanisha kanga.

"Umenimaliza, mdogo wangu," alisema. "Lakini sasa hata nikifa nitaendelea kuwasema watu."

Programu ya namna hii haina mwenyewe. Maandishi yake huwekwa wazi mtandaoni. Anayetaka huyachukua, huyarekebisha, akayarudisha yakaguliwe. Ila maandishi matupu hayamsomei mtu barua. Sharti kwanza yajengwe, ndivyo wenyewe wanavyosema, yaani yapitishwe kwenye zana kadhaa zinazoyageuza kuwa kitu kinachofanya kazi. Na zana hizo zina maringo: toleo hili linakubali, lile linagoma. Kwa hiyo kila mradi huwa na ukurasa wa wageni unaosema: kabla hujaanza, uwe na hiki na hiki, toleo namba fulani, kisha andika amri hizi. Ni ukurasa usio na sifa yoyote. Hakuna aliyewahi kupigiwa makofi kwa kuuandika.

Bingwa aliuandika wa kwao Jumamosi moja asubuhi, kwa dakika arobaini. Badala ya kuandika majina ya zana na namba za matoleo, alizifungua kwenye kompyuta yake, akapiga picha ya skrini, akaibandika. Akapiga nyingine, na nyingine, mpaka zikafika saba. Alikuwa amezibadili rangi za skrini yake, maandishi ya kijani juu ya weusi, na moyoni, tuseme ukweli, alitaka watu wazione. Chini kabisa akaandika: "Imejaribiwa. Inafanya kazi." Imejaribiwa wapi? Kwenye kompyuta ile ile iliyopigwa picha.

Miaka miwili ikapita bila ukurasa ule kumfaa mtu. Wale wenzake sita aliwawekea zana kwa mkono wake mwenyewe, wamekaa bega kwa bega. Wageni walikuja, wakauliza swali moja, wakajibiwa "Soma ukurasa", wakapotea. "Watu wetu wanapenda vya kutafuniwa," Bingwa aliwaambia wenzake. Na kwenye mikutano ya vijana wa kompyuta alisimama mbele, akajipiga kifua, akasema programu hii ni ya wananchi, mlango uko wazi, hatumfungii mtu. Aliamini kila neno. Hilo ndilo linalouma.

Kisha kwenye kundi la mradi mtandaoni akaja mtu aliyejiita Mpokeasimu.

"Habari za kazi, ndugu zangu," aliandika. "Naomba kujua zana ya kujengea ni toleo gani. Kwenye ukurasa sijaipata."

Bingwa, ambaye kundini alijiita Msimamizi, alikuwa kwa kinyozi anasubiri zamu. Akajibu kwa kidole gumba: "Ipo. Soma ukurasa."

Siku nne baadaye: "Samahani kwa usumbufu. Nimeusoma mara nyingi. Baada ya maneno 'uwe na zana zifuatazo' sipati kitu. Naomba uniandikie namba tu."

"Kila kitu kipo pale, ndugu. Anza juu, maliza chini."

Wiki zikaenda. Mara ya tatu Mpokeasimu aliandika hivi: "Naomba radhi tena. Nimejaribu matoleo manne kwa kubahatisha, yote yanagoma. Nina haja nayo kikazi na siku zinaniishia."

Siku hiyo Bingwa alikuwa amekaripiwa na mkubwa wake ofisini mbele ya watu, na hasira yake ilikuwa inatafuta pa kutua. Akaandika bila kupumua: "Kama mtu hawezi kusoma ukurasa mmoja, programu ataiandikaje? Fungua macho, ndugu yangu. Hapa si chekechea."

Mwenzao mmoja, waliyemwita Kipara, akadakia: "Mleteeni kijiko tumlishe." Watu kumi na wawili wakaweka alama ya kicheko. Mpokeasimu hakuandika tena.

Wiki iliyofuata, Jumatatu, dada yake alipiga simu.

"Kesho mchana uje hospitali," alisema. "Kuna mzee hapa wa chumba cha simu anatumia hiyo programu yako. Unajua alinijuaje? Nimepita kwenye korido nikimwambia mtu asante, akanisimamisha. Eti, wewe mama, ndiwe unayenisomea magazeti. Nilicheka mpaka nikashika ukuta."

"Anatumia kweli?"

"Anatumia nini? Anaishi nayo. Ila amekwama mahali. Nimemwambia usihangaike, mdogo wangu ndiye mwenyewe. Usiniangushe."

"Nikuangushe mimi, dada?" alisema Bingwa, na usingizi wa siku hiyo ulikuwa mtamu.

Chumba cha simu kilikuwa nyuma ya mapokezi, chembamba kama ukumbi wa kupitia, bila dirisha. Feni ya mezani ilikuwa inatikisa kichwa. Kwenye meza palikuwa na mtambo wa simu wenye vitufe sitini na kompyuta mpakato iliyozeeka pembeni yake, na ukutani rafu ya visanduku vilivyojaa kadi za breli, zile za nukta zinazosomwa kwa kidole, kingo zake zimelainika kwa kushikwashikwa. Mwenye chumba alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, shati jeupe limepigwa pasi likakubali, kifaa cha kusikilizia kwenye sikio la kushoto tu. La kulia aliliacha wazi kwa ajili ya wageni. Hospitali nzima ilimwita Mzee wa Laini.

"Mzee wangu, nimekuletea huyu," alisema dada mtu.

"Shikamoo mzee," alisema Bingwa.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Viti viko kulia kwako, kimoja kina mguu mbovu, chagua kingine. Subiri." Akabonyeza kitufe. "Hospitali, nikuunganishe na nani? Wodi ya wazazi, subiri kidogo baba, hongera kama ni hongera." Akageuka tena. "Umekula?"

"Nimekula, mzee."

"Basi tufanye kazi. Dada yako kakusifu sana. Amekuvisha vilemba mpaka nimeshindwa kuvihesabu."

Dada alicheka, akajisogeza akaegemea mlango. Bingwa alitabasamu, akajipanga kwenye kiti kama mgeni rasmi.

Mzee alieleza kwa kifupi, akikatizwa na simu. Utawala umeamua kadi za breli ziondoke. Namba zote zimehamishiwa kwenye kompyuta. Keshokutwa, Alhamisi, saa nne asubuhi, mkuu wa mawasiliano atasimama hapa na saa mkononi. Simu ishirini zitapigwa, kila moja iunganishwe ndani ya sekunde kumi na tano. Akishindwa, atahamishiwa stoo akakunje bandeji.

"Na bandeji si kazi mbaya," alisema. "Lakini kiti hiki nimekikalia miaka ishirini na miwili. Watu waliozaliwa wodi ile nilipowaunganisha baba zao, leo wananipigia wenyewe."

"Na programu inakwama wapi?" Bingwa aliuliza.

"Kwenye namba. Sikiliza." Akabonyeza, na sauti ya dada mtu ikatoka kwenye kompyuta kwa kasi isiyo ya kawaida: "Famasia, elfu nne na kumi na saba."

"Mimi nataka nne, sifuri, moja, saba," alisema Mzee. "Na simu za mkononi za madaktari ndiyo balaa. Inaniambia milioni mia saba na kitu, laki kadhaa, elfu kadhaa, na ile sifuri ya mwanzo inaimeza. Mpaka nimalize kuipangua, mgonjwa amekata simu amekwenda kwa mganga. Kuisomesha tarakimu moja moja inawezekana, ila ni kubonyeza mara kumi kwa kila namba."

"Hiyo ni ndogo sana, mzee. Nitairekebisha mwenyewe."

"Nimeshairekebisha."

"Umeirekebisha?"

"Mistari arobaini na mitatu. Nilijifunza kwa masomo ya kusikiliza, miaka miwili sasa, simu zikipoa. Kilichonishinda ni kujenga. Nisipojenga, nitajuaje kama inafanya kazi? Na ukurasa wenu wa wageni, mwanangu, sijui niseme nini. Ngoja usikie kama ninavyosikia mimi."

Akaufungua. Sauti ya dada ikasoma: "Kabla hujaanza. Karibu, ndugu. Mradi huu ni wa kila mtu. Uwe na zana zifuatazo. Picha, haina maelezo. Picha, haina maelezo. Picha, haina maelezo." Ikaendelea vivyo hivyo hadi ya saba. "Imejaribiwa. Inafanya kazi."

Feni ikageuka kulia, ikageuka kushoto. Bingwa alihisi jasho likimshuka mgongoni, jembamba, kama kidole cha mtu.

"Nilimwomba mlinzi wa getini anisomee," aliendelea Mzee. "Akanisomea herufi moja moja, kama mtu anachambua mchele. Tulipofika kwenye namba za matoleo, akasema mzee, hapa picha imekatwa. Basi nikauliza kundini. Kuna msimamizi mmoja pale ni mkali, sijapata kuona. Sikiliza huyu."

Bingwa alifungua mdomo. Angeweza kusema ngoja. Angeweza kusema mzee, usisomeshe. Sauti ya dada yake ikamtangulia, ikasema, wazi na laini, kama alivyoisoma chini ya blanketi: "Kama mtu hawezi kusoma ukurasa mmoja, programu ataiandikaje? Fungua macho, ndugu yangu. Hapa si chekechea."

Kisha ikasoma na ya Kipara, na ikataja vicheko: kumi na viwili.

Dada mtu alikuwa ameanza kucheka kwa mazoea, kwa sababu kuisikia sauti yake mwenyewe kulimchekesha siku zote. Kicheko kikamkatikia njiani. "Kasema nani hayo?"

"Anajiita Msimamizi," alisema Mzee. "Unamjua, mwanangu?"

Hapo ndipo mtu hupimwa, na Bingwa alipimwa akapatikana mwepesi kuliko karatasi. "Ni mmoja wa vijana wetu," alisema. "Ana hasira za karibu. Nitamsema."

Hakuthubutu kumwangalia dada yake, lakini alijua anaangaliwa. Jina la Msimamizi alilichagua sebuleni kwa dada huyo, miaka minne iliyopita, kompyuta iko magotini, na yeye dada akamtania kwamba cheo kimepatikana kabla ya kazi. Dada alinyoosha gauni lake la kazi, akasema kwa sauti ya chini, "Nina mafaili," akaondoka. Viatu vyake vilisikika kwenye korido mpaka vikaisha.

"Kumbe ana haraka," alisema Mzee.

"Mzee," Bingwa alisema upesi, kama mtu anayefunika shimo kwa jamvi, "tusipoteze muda. Nipe hiyo mistari yako. Nitaijenga kwangu leo, kesho asubuhi nakuletea programu nzima, tayari."

"Hapana."

"Alhamisi si mbali, mzee."

"Najua Alhamisi iko wapi. Mwanangu, mimi niliomba mlango, wewe unataka kunipitishia sahani dirishani. Nitakula, nitashiba, na siku nyingine nikitaka kurekebisha kingine nitakuja tena kugonga dirisha. Na mwenzangu asiyeona, aliyeko mji mwingine, asiye na dada wa masijala? Keti hapa. Tujenge kwenye kompyuta hii, na kila tunachokigusa tukiandike. Kwa maneno."

Wakaanza. Mzee aliandika kwa vidole kumi bila kukosea, Bingwa akataja. Hatua ya kwanza ilikubali. Ya pili ikagoma.

"Inasema haiijui hiyo amri," alisema Mzee.

"Haiwezekani. Kwangu inafanya kazi."

"Kwako si hapa."

Bingwa alifungua kompyuta yake mwenyewe kutafuta. Akagundua kwamba zana moja aliiweka akiwa mwaka wa pili chuoni, akasahau kama ipo, kama mtu anavyosahau kovu la mgongoni. Haikuwa hata ndani ya zile picha saba. Wakaiandika. Hatua ya tatu ikaomba toleo la zamani la zana ya kujengea, na Bingwa alikuwa ametaja "toleo lolote jipya". Hakuna jipya lililokubali. Wakafuta "lolote", wakaandika namba. Ya nne ilitegemea faili aliyoibadilisha kwa mkono siku moja ya mvua, asimwambie mtu. Kila kitu kilichokuwa kinamfanya aonekane bingwa kilikuwa kimefichwa kwenye mashine yake, naye hakujua, akawa anawacheka watu kwa kutokuwa nacho.

Aibu ina uzito, na ile ilikuwa inaongezwa kijiko kwa kijiko. Kila hatua ikigoma, Mzee alisema tu, "Andika," bila kejeli, na kila "andika" ilimwingia kama sindano. Aliwakumbuka wageni wote wa miaka miwili. Ni wangapi kati yao waliusikia ukurasa ule jinsi ulivyosomwa leo? Alitengeneza programu ya watu wasioona, akasimama majukwaani kwa jina lao, na siku zote kichwani mwake walikuwa ni watu wa kusaidiwa, wa kukaa na kusomewa. Kwamba mmoja wao angeshika nyundo haikuwahi kumpitia akilini.

"Hospitali, nikuunganishe na nani? Maabara, subiri mama." Mzee akabonyeza, akageuka. "Huyo kijana wenu, ukimwona, usimseme sana. Miye wiki nzima niliamini kasema kweli. Nikajiambia, mzee, umri umekwenda, achia wenye akili zao. Mke wangu akaniuliza mbona siku hizi huishiki kompyuta, nikamwambia macho yananiuma. Tukacheka wote wawili. Lakini nilikuwa nimeacha. Ni dada yako aliyenirudisha."

Bingwa aliangalia sakafu. Palikuwa na kipande cha karatasi chini ya meza, akakitazama kama kina majibu.

"Mzee," alisema. "Msimamizi ni mimi."

Simu ikalia. Mzee akaipokea. "Hospitali, nikuunganishe na nani?" Ikaja nyingine, naye akaipokea kwa upole ule ule. Kisha akavua kifaa cha sikioni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mchana, akakiweka mezani.

"Kwa hiyo umeniacha niseme yote yale."

"Ndiyo, mzee."

"Na dada yako anajua."

"Anajua."

"Ndiyo maana mafaili yamekuwa na haraka."

Bingwa alisema naomba unisamehe, akalisema mara mbili, na la pili lilitoka bovu kuliko la kwanza. Uso wa Mzee haukuwa na hasira. Ulikuwa umefungwa tu, kama duka.

"Samahani yako nimeisikia," alisema mwishowe, akirudisha kifaa sikioni. "Pa kuiweka bado sijapapata. Hatua ya tano."

Hawakumaliza siku hiyo. Jumatano Bingwa aliomba ruhusa ofisini, akasema ana dharura ya kifamilia, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa hajadanganya. Saa saba mchana hatua zilikuwa tisa, zote kwa maneno, zote zimepita kwenye kompyuta ya Mzee bila mkono wa Bingwa kugusa kitufe. Mzee akajenga. Mashine ikahema kwa dakika sita. Kisha akafungua orodha, na sauti ya dada ikasema: "Famasia, nne, sifuri, moja, saba."

Mzee aliirudia mara tano. Akajaribu ya daktari wa upasuaji, na sifuri ya mwanzo ikatoka mbele, kamili. Alipapasa meza kwa viganja vyote viwili, polepole, kama mtu anayelaza kitambaa.

Ikabaki kuuweka ukurasa mpya mtandaoni. Kila badiliko huandikiwa sababu yake, kundi zima lione, na mtu wa pili hulikagua kabla halijapita. Bingwa aliandika: "Nimeboresha maelezo ya wageni." Akamtaja Mzee kuwa mkaguzi. Mzee akasomewa, akatikisa kichwa.

"Silipitishi."

"Kuna kosa, mzee?"

"Maelezo hayajaboreshwa. Hayakuwepo. Ukitengeneza daraja mahali palipokuwa na shimo, usiwaambie watu umepaka rangi."

Bingwa alifuta. Katika kundi lile walikuwamo watu mia mbili na zaidi, waliomsikia majukwaani, waliompigia makofi. Akaandika tena, na safari hii hakujipa nafasi ya kufikiri:

"Ukurasa wa wageni ulikuwa picha saba zisizosomeka na programu yetu wenyewe. Niliuandika mimi, na niliandika kwamba umejaribiwa, ilhali haukuwa umejaribiwa. Mpokeasimu aliuliza mara tatu kwa adabu, nikamtukana. Haoni, na alikuwa sahihi. Hatua hizi tisa zimehakikiwa naye. Walioondoka kwa sababu ya majibu yangu, kosa lilikuwa langu."

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Inapita," alisema, akabonyeza.

Dakika kumi baadaye Kipara alimwandikia Bingwa faraghani: "Umejivua nguo sokoni, rafiki yangu. Ungenyamaza nani angejua?" Bingwa aliusoma ujumbe ule akiwa kituoni anasubiri basi. Usoni aliwaka moto, kwa sababu juzi yeye mwenyewe angeuandika. Akajibu: "Alijua yeye. Na kile kijiko, ukifute mwenyewe."

Alhamisi hakuweza kufanya kazi. Saa nne ikafika, ikapita. Dada yake hakuwa amempigia tangu Jumanne, naye Bingwa aliogopa kumpigia. Saa tisa alasiri akatoka nje ya ofisi, akasimama kwenye ngazi za nyuma, akapiga namba kuu ya hospitali. Akipokea mtu mwingine, atakuwa amejua kwamba Mzee yuko stoo.

Ikaita mara mbili.

"Hospitali, nikuunganishe na nani?"

"Shikamoo mzee. Ni mdogo wake karani wa masijala."

"Marahaba. Sema upesi, laini zimejaa."

"Imekuwaje?"

"Kumi na nane kati ya ishirini. Mbili zimechelewa. Wamenipa miezi mitatu ya kuangaliwa, nikiwa hapa hapa." Alisema hivyo kama anayetoa taarifa ya hali ya hewa. "Na kundini kuna binti amekwama hatua ya nane tangu asubuhi. Kauliza mara mbili, hajajibiwa. Nikuunganishe na nani?"

"Masijala, mzee."

"Subiri."

Ikaita, na sauti ile aliyoikatakata vipande elfu tatu na mia mbili ikasema, "Masijala."

"Dada, ni mimi. Naomba unisamehe."

Upande wa pili karatasi zilikuwa zinapangwa. "Mimi sikutukanwa," alisema dada. "Kinywa changu ndicho kilichotukana. Mtu ninayesalimiana naye kila asubuhi, nimemwambia afungue macho."

"Najua."

"Halafu ukakaa pale ukamdanganya mbele yangu."

"Ndiyo, dada."

Alisubiri amseme zaidi. Ingekuwa nafuu. Dada alifunga faili. "Jumapili usije kula," alisema. "Sijawa tayari kukuona. Nitakuambia."

"Sawa."

"Ujumbe wako lakini nimeusoma. Mzee kanisomeshea." Droo ikafungwa. "Kanisomeshea kwa sauti yangu."

Akakata.

Bingwa alibaki kwenye ngazi na simu mkononi. Watu wawili wa ofisini walipita wakimsalimu, akaitikia bila kuwaona. Kisha akafungua kundi, akamtafuta yule binti wa hatua ya nane, akasoma swali lake mara mbili, taratibu, mpaka alipoona neno aliloliruka yeye mwenyewe wakati wa kuandika. Akakaa kwenye ngazi, akaanza kumjibu: "Ndugu yangu, umesoma vizuri. Kosa liko kwangu."